Majibu Yaliyobaki Mezani: Historia Fupi ya Kungoja Kipimo cha VVU, Bujumbura na kwa Majirani Zetu

Utangulizi

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa tatu wa masomo, nilikwenda kupima virusi vya UKIMWI pamoja na wenzangu wawili. Mmoja wetu alikuwa anajiandaa kufunga ndoa na kanisa lake lilitaka cheti. Sisi wawili tulimsindikiza, na tulipofika tukaona aibu kukaa nje. Wenzangu walitoka baada ya nusu saa. Mimi nilibakizwa. Kipimo cha kwanza kilionyesha mstari hafifu, cha pili hakikuonyesha kitu, na mhudumu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya chumvi, kwamba jibu langu halijakamilika. Nirudi baada ya siku 14.

Nitasema mapema kwamba siku ya 14 jibu lilikuwa hasi. Nalisema hapa ili msomaji asiisome insha hii kwa kulitafuta jibu hilo. Tena naomba tukumbuke jambo moja: mimi naweza kuliandika jibu langu katika ukurasa wa kwanza kwa sababu ni hasi. Wapo wasioweza kuliandika mahali popote, na urahisi wangu ni sehemu ya historia ninayotaka kuieleza.

Katika siku zile 14 sikuandika hata ukurasa mmoja wa kazi yangu ya utafiti. Nilijipapasa shingo asubuhi na jioni nikitafuta matezi. Niliamka saa tisa usiku nikasoma kwenye simu mambo yale yale niliyoyasoma jana yake. Siku ya tano nilikwenda Buyenzi kwa mama mkubwa wangu, nikamweleza. Hakushtuka. Aliniuliza tu, "Wamekwambia siku ngapi?" Nikasema 14. Akasema, "Sisi tuliambiwa wiki tatu. Mimi nilingoja miaka."

Kauli hiyo ndiyo iliyozaa insha hii. Historia ya UKIMWI katika nchi zetu huandikwa kwa hesabu za vifo, kwa majina ya dawa na kwa sera za serikali. Hayo yote ni ya lazima. Lakini kati ya sindano na jibu kuna muda, na ndani ya muda huo mamilioni ya watu wamekaa, kila mmoja peke yake. Insha hii inakusudia kuonyesha kwamba muda huo una historia yake: ulitengenezwa na mashine, na uchumi, na vita na sera, na ulibadilika kila mambo hayo yalipobadilika. Hoja yangu ni kwamba hofu ya anayengoja haikutegemea urefu wa muda peke yake. Ilitegemea zaidi mambo matatu: kama anajua kwa nini anangoja, kama ana mtu wa kungoja naye, na kama kuna kitu kinachomsubiri upande wa pili wa jibu.

Maneno tunayoyatumia

Kabla ya kuingia katika matukio, tuyatazame maneno. Kiswahili huyaita matokeo ya kipimo "majibu". Mtu hupewa majibu ya damu kama vile damu imeulizwa swali. Kirundi husema kwipimisha, yaani kujipeleka upimwe, na ndani ya kitenzi hicho kuna mtu anayejitolea mwenyewe. Kwa hiyo aliyekwenda kupima ni mtu aliyeuliza, na kungoja ni kukaa na swali ulilolitoa kwa kinywa chako. Ndiyo maana wengi husema baadaye, "Bora nisingeuliza."

Tuna vitenzi viwili kwa tendo hilo. Kungoja ni neno letu la Kibantu, halina sifa wala lawama. Kusubiri limetokana na subira, neno la Kiarabu lenye maadili ndani yake: anayesubiri anatenda wema. Tunafundishwa tangu utotoni kwamba subira huvuta heri. Lakini methali hii inadai kwamba mwisho wa subira ni heri, na mtu anayengoja majibu ya damu ndiye hasa asiyeweza kuahidiwa hivyo. Katika siku zangu 14 methali ile niliambiwa mara nyingi, na kila mara ilinikera. Wazee walioitunga hawakuwa wakifikiria maabara.

Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya chupa za damu

Ripoti ya kwanza ya ugonjwa huu ilichapishwa Marekani tarehe 5 Juni 1981, ikiwaeleza vijana watano wa Los Angeles. Mwaka 1983 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, wakiwemo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier, walivitambua virusi vyenyewe. Katika eneo letu pia 1983 ni mwaka wa kukumbukwa: wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Burundi, na upande wa pili wa mpaka, katika mkoa wa Kagera, Tanzania. Watu waliupa ugonjwa majina yao wenyewe. Kagera uliitwa Juliana, kwa jina la kitambaa cha biashara ya magendo. Uganda uliitwa Slim kwa sababu uliwakondesha watu. Katika nchi zinazosema Kifaransa, herufi za SIDA zilifasiriwa kwa mzaha kuwa ni ugonjwa wa kubuniwa wa kuwakatisha tamaa wapenzi. Mzaha huo ulikuwa namna ya kuishi na jambo lisilo na kipimo.

Kipimo kilikuja Machi 1985, kilipoidhinishwa Marekani. Ni muhimu kukumbuka kilitengenezwa kwa ajili gani. Shabaha yake ya kwanza haikuwa mtu, ilikuwa damu ya kuongezewa wagonjwa: kuhakikisha chupa isiyo salama haitumiki. Chupa ya damu haingoji kwa wasiwasi, na ikikutwa na virusi hutupwa. Kipimo hicho kilipoanza kutumika kwa watu, hakikuja na maelekezo ya kumshughulikia mtu aliyekaa nje ya mlango.

Barani Afrika hali ilikuwa kali zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, damu ya wanawake wajawazito ilipimwa kliniki bila majina ili kujua ugonjwa umeenea kiasi gani. Kwa wanatakwimu njia hiyo ilikuwa na manufaa, na bila hiyo tusingejua mengi kuhusu miji kama Bujumbura. Lakini tafsiri yake kwa mtu mmoja ni hii: damu yako iliulizwa swali, na jibu lilipelekwa kwa mwingine. Kizazi cha kwanza cha waliopimwa, sehemu kubwa yake haikungoja chochote, kwa sababu haikujua kwamba kuna jibu.

Sahani yenye vishimo 96

Kwa nini wiki tatu? Mama mkubwa aliamini siku zote kwamba waganga walihitaji muda ule kuitazama damu yake vizuri, na kwamba urefu wa muda ulikuwa ishara mbaya. Nilipoulizia kwa mzee mmoja aliyefanya kazi maabara katika miaka ya 1990, alicheka kwa huzuni. Kipimo cha wakati ule, kinachojulikana kwa kifupi cha ELISA, hufanyika katika sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 96. Kazi yenyewe humalizika kwa saa chache tu. Lakini dawa za kipimo ni ghali na zikishafunguliwa hazidumu. Kuifungua sahani kwa damu za watu sita ni hasara. Basi damu zilitunzwa kwenye friji mpaka zitoshe.

Baada ya hapo huja uthibitisho. Kipimo kimoja hakitoshi kumwambia mtu ana virusi, kwa maana mwili unaweza kuwa na kinga za maradhi mengine zinazofanana na zile zinazotafutwa. Katika nchi tajiri uthibitisho ulifanywa kwa kipimo kinachoitwa Western blot, ambacho gharama yake ni kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zisizo na uwezo zitumie vipimo viwili au vitatu vya aina tofauti, kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo sahani ya pili ilibidi ijae pia. Ongeza kukatika kwa umeme, ongeza safari ya sampuli kutoka mikoani, na wiki tatu zinaeleweka.

Nilimrudia mama mkubwa na maelezo haya. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nangoja watu wengine." Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa anangoja watu wengine wapate ujasiri wa kutosha kuijaza sahani. Hakuna aliyemwambia. Muda uliotokana na bei ya dawa za maabara yeye aliusoma kama hukumu, na sidhani alikuwa peke yake.

Kampala: mahali kungoja kulipopewa chumba

Nchi jirani ya Uganda ndiyo ya kwanza katika eneo letu kulitambua tatizo la anayengoja. Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha TASO mwaka 1987 ili wagonjwa na familia zao wasaidiane. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaugua, akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na vijana, akafariki Desemba mwaka huo huo. Watu wengi sasa walitaka kujua hali zao, na hapakuwa na pa kwenda isipokuwa hospitali au benki ya damu. Mwaka 1990 kikafunguliwa mjini Kampala Kituo cha Habari za UKIMWI, kilichopima kwa hiari na bila kuuliza jina. Mteja alipewa namba.

Mteja huyo alizungumza na mshauri kabla ya kutoa damu, kisha akarudi baada ya wiki mbili hivi kuchukua jibu, na kuzungumza tena. Ushauri wa kwanza ulikuwa hasa matayarisho ya zile wiki mbili: utamwambia nani, utafanya nini jibu likiwa hivi au vile. Waliokwisha pata majibu, yawe mazuri au mabaya, waliweza kujiunga na klabu ya waliopimwa. Naona hilo ni jambo kubwa kihistoria. Kwa mara ya kwanza kungoja kulipewa chumba, kiti na mtu wa kuketi naye.

Hata hivyo wengi hawakurudi. Tatizo hilo lilisumbua kila kituo cha aina hiyo, na mwaka 1997 kituo cha Kampala kilianza kutoa majibu siku hiyo hiyo kwa kutumia vipimo vya haraka. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba wasiorudi walishindwa na hofu tu. Utafiti wa mwanauchumi Rebecca Thornton, uliofanyika vijijini Malawi mwaka 2004 na kuchapishwa 2008, unatufanya tufikiri upya. Huko majibu yalikuwa tayari baada ya miezi 2 hadi 4. Katika kundi lisiloahidiwa chochote, ni karibu theluthi moja tu waliokuja kuyachukua. Walioahidiwa kiasi kidogo cha fedha walikuja mara mbili zaidi. Umbali wa kituo nao ulipunguza idadi. Maana yake ni kwamba miongoni mwa watu tuliowaita waoga, walikuwemo waliokosa nauli, au waliokosa sababu ya kumwambia jirani kwa nini wanakwenda mjini. Mwanahistoria anapokuta daftari la zamani lenye safu tupu mahali pa sahihi ya mpokeaji, asikimbilie kuandika "hofu". Aulize kwanza barabara ilikuwaje.

Bujumbura: jibu lililobaki ng'ambo ya barabara

Hapa kwetu barabara ilikuwa mbaya kuliko popote. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vilivyodumu zaidi ya miaka 10. Mwaka huo huo ndipo Jeanne Gapiya-Niyonzima na wenzake walipoanzisha ANSS, chama cha kuwasaidia wenye virusi na wagonjwa wa SIDA. Yeye mwenyewe aligundua hali yake baada ya mtoto wake mchanga kuugua, na alizika watu wa karibu kabisa katika familia yake. Katikati ya miaka ya 1990, kanisani, siku ya kuwakumbuka wagonjwa wa SIDA, alisikia mahubiri yaliyowataja wagonjwa kama wakosefu, akasimama mbele ya waumini akasema kwamba yeye ana virusi. Anatajwa kuwa Mrundi wa kwanza kusema hivyo hadharani. Chama chake kilifungua kituo cha kupima kwa hiari mjini Bujumbura na kukiita Turiho. Kwa Kirundi maana yake ni tupo, tuko hai. Tukumbuke jina hilo lilitolewa wakati gani: wakati ambapo kuwa hai Bujumbura, kwa mwenye virusi na kwa asiye navyo, halikuwa jambo la uhakika.

Mama mkubwa wangu alikuwa mjane tangu 1993. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, akafa kwa ugonjwa ambao familia iliuita kifua. Mwanzoni mwa Machi 1995 alikwenda kupima, mahali ambapo sitapataja. Akaambiwa arudi baada ya wiki tatu. Kabla wiki hizo hazijaisha, mapigano yalizuka Bwiza na Buyenzi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia Uvira, wakati huo bado nchi ya Zaire. Mama mkubwa alivuka na watoto wawili na sufuria moja. Jibu lake lilibaki Bujumbura, mezani au kabatini, kilomita zisizofika 30 kutoka alipolala.

Nilimwuliza aliwezaje kuishi nalo. Akasema kwamba Uvira hakulifikiria kila siku. Aliuza ndagala, na kuwatafutia watoto maji kulimchukua asubuhi nzima. "Hofu inataka nafasi, mwanangu. Mimi sikuwa na nafasi." Lakini usiku, watoto wakilala, lilirudi. Alianzisha desturi yake: kila usiku alikunja na kukunjua vitenge vyake viwili mpaka usingizi umkamate. Oktoba 1996 vita vikaifikia Uvira nayo, akarudi Bujumbura. Sasa barabara ilikuwa wazi na jibu lilikuwa karibu, lakini hakwenda. "Kila nilipopita mahali pale nilivuka ng'ambo ya barabara. Sikuogopa jibu. Niliogopa kurudi nalo nyumbani, nisijue pa kuliweka."

Sentensi hiyo ya mwisho nimeifikiria sana. Mwaka 1996 ulimwengu ulitangaziwa, katika mkutano wa Vancouver, kwamba mchanganyiko wa dawa kadhaa unaweza kuvizuia virusi. Lakini dawa hizo ziliuzwa kwa maelfu ya dola kwa mwaka, katika nchi ambayo majirani walikuwa wameiwekea vikwazo vya biashara tangu Julai mwaka huo kufuatia mapinduzi. Kwa mjane wa Buyenzi, jibu chanya lilikuwa habari tu isiyo na kitu mbele yake. Tunapomhukumu kwa kutorudi, tunasahau kwamba hakukuwa na dawa ya kumrudisha. Uamuzi wake wa kuvuka barabara ulikuwa na akili ndani yake.

Mambo yalibadilika polepole. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza dawa kwa bei isiyofika dola moja kwa siku. Mwaka 2002 ulianzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Mwaka huo huo uchunguzi wa kitaifa ulionyesha kwamba mijini Burundi karibu mtu 1 kati ya 10 alikuwa na virusi. Vyama kama ANSS vilikuwa vimeshaanza kutafuta dawa kwa ajili ya watu wao. Mama mkubwa, ambaye sasa alikuwa na meza ya vitenge katika soko kuu, alisikia kwa mteja kwamba mwanamke fulani aliyekuwa mahututi amerudi kulima. Juma lile lile akaenda kupima upya. Safari hii alingoja dakika, akalichukua jibu kwa mkono wake.

Niliomba ruhusa ya kuyaandika haya, akanipa. Nilipouliza kama niandike pia jibu lilikuwa nini, alisema, "Hilo niachie mwenyewe." Kwa hiyo insha hii haina jibu lake, na naamini haipungukiwi.

Dakika 20 na mipaka mipya ya kungoja

Leo kipimo cha haraka huchukua dakika 15 hadi 20 kwa tone la damu la kidoleni. Tanzania ilipeleka huduma hiyo karibu na watu kupitia vituo vya Angaza kuanzia 2001, na tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima hadharani Dar es Salaam kuonyesha kwamba jambo hili ni la kila mtu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu waweze kujipima wenyewe nyumbani. Burundi yenyewe, kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017, ilikuwa na maambukizi ya asilimia 0.9 kwa watu wazima wa miaka 15 hadi 49. Mtu angedhani kungoja kumekwisha.

Hakujaisha, kumehamia mahali pengine. Kwanza kuna kipindi cha mwanzo ambacho mwili haujatengeneza kinga za kutosha kuonekana. Aliyekutana na hatari jana hawezi kujibiwa leo: kwa vipimo vingi vya kawaida hushauriwa arudie hadi mwezi wa tatu. Huu ni muda ambao hakuna bajeti wala umeme utakaoufuta, kwa kuwa ni muda wa mwili wenyewe. Jambo jema ni kwamba hauhitaji kungojwa mikono mitupu: anayefika kituo cha afya ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kinga za siku 28. Pili, kuna watoto wachanga wa akina mama wenye virusi, ambao hubeba kinga za mama zao, hivyo kipimo cha kawaida hakiwezi kusema kweli kuhusu mtoto. Hapo mama hungoja kipimo cha maabara kubwa, wakati mwingine kwa majuma.

Tatu, kuna walio kama mimi, waliopewa jibu lisilokamilika. Nilidhani nimeonewa. Baadaye nikajifunza kwamba nilitendewa haki ambayo wengine waliikosa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bukavu, safari ya nusu siku tu kutoka hapa, katika mradi wa Madaktari Wasio na Mipaka. Watu waliokutwa na virusi kwa vipimo viwili vya haraka walipimwa tena kwa kipimo cha kuthibitisha, na karibu mtu 1 kati ya 10 alionekana hana virusi kabisa. Fikiria ndoa zilizovunjika kwa majibu ya namna hiyo katika miaka ambayo hakuna aliyerudia. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kurudia kipimo kabla ya kumwanzishia mtu dawa, na mwaka 2019 likapendekeza vipimo vitatu mfululizo kabla ya kutamka kwamba mtu ana virusi. Vipimo vikipingana, siku 14 hutolewa ili mwili upate muda wa kusema wazi. Zile siku zangu zilikuwa matunda ya makosa ya zamani yaliyosahihishwa. Laiti mtu angeniambia hayo katika dakika mbili pale mezani, ningelala.

Lakini je, hofu inaweza kuandikiwa historia?

Mwenzangu mmoja wa darasani aliposoma rasimu hii alipinga. Alisema hofu ni ile ile tangu Adamu, haina nyaraka, na mwanahistoria asiye na nyaraka anasimulia ngano. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Nyaraka zipo, ingawa nyingi zinasema kwa kunyamaza: madaftari yenye majibu yasiyochukuliwa, ratiba za siku za kujaza sahani, orodha za klabu za waliopimwa. Wapo pia wazee, na muda wao unakwisha. Tena hofu si ile ile. Mama mkubwa mwaka 1995 aliogopa jibu lisilo na dawa. Mimi niliogopa jibu lenye dawa. Ningeishi, ningemaliza masomo, ningeweza kuoa na kupata watoto wasio na virusi, na hayo yote nilikuwa nayajua. Hata hivyo nilijipapasa shingo kama mtu wa 1985. Hofu yangu ilikuwa ya kurithi. Nilirithi picha za vitanda na majeneza ambazo sikuziona kwa macho yangu, nikarithi na ukimya wa familia iliyosema "kifua". Anayejua kwamba hofu yake ni ya kizazi kingine anaweza kuanza kuirudisha kwa wenyewe.

Hitimisho

Insha hii imejaribu kuonyesha kwamba kungoja majibu ya VVU hakukuwa kitu kimoja. Kulikuwa na wakati wa majibu yasiyotolewa, wakati wa sahani zisizojaa, wakati wa majibu yaliyofungiwa na vita, na sasa wakati wa dakika 20 ambao bado una mifuko ya majuma na miezi. Katika nyakati zote hizo mambo yale matatu yamejirudia. Aliyejua sababu ya muda hakuusoma kama hukumu. Aliyekuwa na mtu hakukunja vitenge peke yake, na hilo ndilo lililoeleweka Kampala mwaka 1990 na Turiho miaka michache baadaye. Na aliyejua kwamba jibu lina mlango wa pili, yaani dawa, alirudi kulichukua.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi dogo linalotokana na historia hii. Mwenzako akikuambia anangoja majibu, usimpe methali. Mwulize ameambiwa siku ngapi, na kwa nini siku hizo. Mwulize kama siku ya kurudi atapenda asindikizwe. Siku yangu ya 14 mama mkubwa alikuja nami. Tulipanda basi pamoja, akakaa kwenye benchi la nje na mkoba wake mapajani, na sikumsikia akisema neno hata moja mpaka nilipotoka. Alikuwa ameketi upande huu wa barabara.